Nimechoka na kila kitu, nataka kuingia monasteri. Nianzie wapi?

MsafiriWaNyando (Jumamosi, saa 2:40 asubuhi)
Tumsifu Yesu Kristo. Naomba ushauri, na wenye matusi tafadhali mpite.

Nina miaka 34, naishi Kisumu, sijaoa. Nauza vipuri vya pikipiki kwenye duka la mtu. Nimebatizwa, nina kipaimara, niko jumuiya, niko Legio ya Maria. Mwaka wa Jubilei nilivaa ile fulana ya Mahujaji wa Matumaini mpaka maandishi yakafifia. Mlango Mtakatifu ulipofungwa kule Roma Januari 6, 2026, nilihisi kama na wangu umefungwa. Misani naenda, lakini nakaa kama mtu aliye stendi anangoja matatu ya njia nyingine. Siku hizi wakati wa Komunyo nabaki kwenye benchi. Usiku silali.

Nimeona hakuna kingine cha kunishibisha ila Mungu. Nataka monasteri iliyo mbali, nifunge mlango nisali. Swali langu ni moja tu: mtu wa umri huu wanampokea? Na anaenda na nini?

Nyar_Alego
Milele na milele, amina. Ndugu yangu, ukavu wa roho si jambo geni. Mama Teresa wa Kolkata alikaa gizani miaka na miaka, watu wakaja kujua kupitia barua zake akiwa ameshakufa, na bado 2016 akatangazwa mtakatifu. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilisali rozari mwaka mzima kama mtu anayehesabu maharagwe. Ladha ilinirudia siku moja jikoni nikichambua mboga za osuga, wala si kanisani. Tulia kwanza.

MzeeWaKondele
Legio Maria! Nyanya yangu alikuwa huko, kwa kina Simeo Ondeto. Kanzu, rozari kubwa shingoni, ngoma mpaka alfajiri. Ungekuwa na nyanya wewe, huo ukavu ungeusikia wapi?

MsafiriWaNyando
Mzee, hiyo ni dhehebu lingine. Nasema Legio ya Maria, chama cha sala cha hapa parokiani, kilichoanzia Dublin 1921.

MzeeWaKondele
Sawa, ya Dublin. Ngoma hamna.

Moto_wa_Juu
Njoo kwetu. Tuna kinanda na spika sita, hakuna anayelala.

KatekistaMstaafu
Mzaha kando. Kijana, umeandika kwamba wakati wa Komunyo unabaki kwenye benchi, ukapita haraka kama aliyekanyaga kaa la moto. Unabaki kwa nini?

MsafiriWaNyando
Najiona sistahili tu, mzee. Ni unyenyekevu.

NilikuwaNovisi
Nilikaa nyumba ya malezi miaka miwili nikatoka, kwa hiyo nitajibu ulichouliza. Umri: kila shirika lina kikomo chake, andika barua uulize. Watataka cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na uthibitisho kwamba huna kifungo cha ndoa. Halafu kuna vitu viwili ambavyo watu hawavitaji. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 643, haimpokei mtu ambaye ndoa yake bado ipo. Na ya 644 haimpokei mwenye madeni asiyeweza kuyalipa.

Jambo lingine. Ignasi wa Loyola, yule askari aliyevunjwa mguu na mzinga pale Pamplona 1521, alifundisha kwamba roho ikiwa gizani usibadili uamuzi ulioufanya kukiwa na mwanga. Mimi nilitoka nyumba ya malezi nikiwa gizani, nikajuta miaka mitatu.

Una mke? Una deni?

MsafiriWaNyando
Mke sina. Deni ni kidogo na halihusiani na hii mada.

NilikuwaNovisi
Kidogo kiasi gani, na la nani?

MzeeWaKondele
Amenyamaza. Saa mbili nzima zimepita.

MsafiriWaNyando (saa 6:15 mchana)
Haya. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya. Tangu Januari tunachanga shilingi 50 kila wiki kwa hija ya Oktoba kule Subukia, Kijiji cha Maria. Watu 24, wiki 32, jumla 38,400. Pesa zilikuwa kwenye mkebe wa kakao chini ya kitanda. Jirani akavunjiwa nyumba, nikaogopa, nikazitia kwenye simu. Na kwenye simu kuna kandege, ule mchezo wa kamari. Nilianza na 200, nia yangu jumuiya ipate basi lenye viti vizuri. Siku ya kwanza nikapata 900. Wanaojua wanajua. Zimebaki 1,150.

Sikuiba, nilikopa nikiwa na nia ya kurudisha. Na nikiwa monasteri nitawaombea kila siku wote 24, hayo nayo si malipo? Mwenye ploti nimeshampa notisi. Nimeuza televisheni, nimenunua sanduku. Sirudi nyuma.

MzeeWaKondele
Televisheni umeuza, ukanunua SANDUKU? Hiyo ndiyo hesabu iliyokula mkebe, omera.

Jicho_la_Tatu
Nimesoma yote nikicheka. 24 mara 50 mara 32, imetoka 38,400 kamili? Hakuna hata mmoja aliyekosa wiki? Hiyo ni jumuiya ya malaika. Kwetu Nakuru hata mchango wa mazishi tunafuatana mpaka mlangoni. Jamaa ni mtunzi. Kabla giza halijaingia mtaona namba ya M-Pesa, "wapendwa nishikeni mkono". Nimesema.

Moto_wa_Juu
Na nilikuwa karibu kulia.

Nyar_Alego
Mimi nimeshamtolea fungu moja la rozari. Nirudishiwe na nani?

NilikuwaNovisi
Jicho ana hoja. Mwandishi wa jumuiya yuko wapi? Weka picha ya daftari.

MsafiriWaNyando
Picha siweki, lina majina ya watu. Na namba sitoi, hamjaombwa hata shilingi.

Daftari liko hapa mbele yangu, jalada la kijani. Mwandishi alihamia Busia mwezi wa pili, nikabaki nikiandika mwenyewe. Ni kweli hawakulipa sawasawa. Wiki ya 9 kuna mama mmoja nimemwandikia: "30, bado 20." Alifungua pindo la leso, akatoa sarafu tatu za kumi, akasema andika vizuri mwanangu nisije nikasahau. Wiki ya 10: 70. Wiki ya 21: sufuri, alikuwa hospitali. Wiki ya 22: 100. Hakuna aliyemdai. Ndiyo maana jumla imetoka kamili, Jicho.

KatekistaMstaafu
Sasa tunazungumza.

Fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Aya ya 2412 inasema mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe. Aya ya 2413, hapo hapo chini yake, ni ya kamari: kucheza kwenyewe si dhambi, lakini haikubaliki inapomnyima mtu anachohitaji kwa maisha yake na ya wenzake. Walioziweka aya hizi mbili jirani ni kama walikuona na mkebe wako.

Na kuhusu tumaini unalolitafuta. Ni fadhila ya Kimungu pamoja na imani na mapendo. Dhambi zinazoligonga ni mbili: kukata tamaa, na kujidai kwamba Mungu atakuokoa bila wewe kutubu. Umezipakia zote kwenye sanduku moja. Nenda kitubio, padre hafichui. Ila ujue atakuuliza habari za kurudisha. Mshahara ukiingia anza hata na elfu tano. Hao 24 utawaombea, sawa, lakini wao wanataka basi.

MsafiriWaNyando
Nikiwaambia wote wataniona mwizi. Mzee, hukai na hawa watu. Heri nikatume pesa kidogo kidogo kutoka huko huko.

NilikuwaNovisi
Mmonaki ataitoa wapi pesa ya kutuma?

Nyar_Alego
Kwani huyo mama wa ishirini anafanya kazi gani?

MsafiriWaNyando
Anauza omena Kibuye. Kesho ni Jumapili, soko linafurika, siwezi kumwendea mbele ya watu.

Nyar_Alego
Leo ni Jumamosi.

Jicho_la_Tatu
Saa kumi na nusu. Namba bado sijaiona. Ninangoja.

MsafiriWaNyando (saa 11:20 jioni)
Niko uani kwake. Nilikuwa nimeshaanza kusema. Mvua inakuja kutoka upande wa ziwa, ameniambia nishike ncha ile nyingine ya chandarua tukunje omena kwanza.

MzeeWaKondele
Gorogoro moja ya omena anauza ngapi?