Msalaba wa mukuba (shaba) kutoka soko la Kenya, Lubumbashi: una miaka 700 kweli?

Mwalimu_Kamalondo
Habari zenu wandugu. Hapa Lubumbashi, katika soko la Kenya, nimeona msalaba wa mukuba, ile handa, pesa ya wazee, mkubwa kupita kiganja changu. Muuzaji anasema umetoka makaburi ya kale ya Sanga, huku Katanga, una miaka 700, anataka dola 120. Ningependa wanafunzi wangu washike kitu cha kweli. Picha ndizo hizo: kijani kila upande, na ukingoni kuna mistari midogo iliyonyooka.

Fundi_Mukuba
Mwalimu, shika pesa yako kwanza. Mistari hiyo ni ya tupa, na kijani kimejaa hadi ndani yake, maana yake kilikuja baada ya tupa. Chumvi na siki hufanya kazi hiyo upesi sana. Pitisha kitambaa cheupe chenye maji: kikitoka unga wa kijani, umepata jibu. Kijani cha miaka mingi ni kigumu, na palipobanduka utaona tabaka jekundu kabla ya kufikia mukuba wenyewe.

Geuza pia. Wazee walisubu katika kalibu ya wazi. Upande wa juu ulipoa hewani, ukabaki na mikunjo na vishimo. Wa chini ulishika sura ya kalibu. Huo wako ni laini pande zote.

Na hiyo miaka 700 ameipata wapi? Wataalamu walichimbua Sanga mwaka 1957 na 1958. Umri wa makaburi unasomwa kwa vitu vilivyolala pamoja: vyungu, mifupa, mkaa. Msalaba ukishang’olewa peke yake, ushahidi huo umekwisha. Inaniuma sana.

Mama_Kisanga
Fundi, juu ya tupa sikubali moja kwa moja. Wauzaji wengine wanakwaruza hata handa ya kweli ili mteja aone mukuba. Lakini Mwalimu, kama kweli umetoka kaburini, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutonunua. Peleka watoto kwenye Musée national, jumba la makumbusho, handa ziko pale.

Mwalimu_Kamalondo
Asante mama, asante fundi. Siununui. Ila watoto walitaka kushika.

Fundi_Mukuba
Walete kwangu, nitawasubia mmoja mbele yao. Nyuma nitagonga mwaka huu kwa patasi, ndani sana, tupa isiweze kuufuta.