Tupeane uzoefu: simu na makundi ya mtandaoni, yamekufaa wapi na yamekuumiza wapi?

Bint Langoni
Asalam aleikum, wa Amu (Lamu) na wa ughaibuni. Usiku wa jana ndugu yangu aliyeko Muscat kanipigia saa saba usiku, kwao saa nane, sauti haimtoki. Kasoma kwenye kundi la ukoo: "Mama kalazwa." Basi. Hakuna jina, hakuna hospitali. Na kwetu mama si mmoja. Yuko aliyetuzaa, yuko mama mkubwa, wako mama wadogo watatu, wote tunawaita mama. Aliyelazwa ni mama mdogo, presha ilipanda, na asubuhi hii kanywa uji wake. Lakini ndugu yangu alikuwa kashaanza kutafuta tiketi ya ndege kwa pesa za kukopa.

Sikulala tena. Bila kundi lile tusingechanga pesa za matibabu kwa nusu saa, watu wa nchi nne. Na kundi hilohilo nusura limtoe mtu roho kwa maneno mawili. Mimi naona tunaandika kana kwamba anayesoma amekaa nasi barazani, anatuona uso. Hatuoni. Hebu kila mtu alete lake.

Wa Ng'ambo
Umenigusa. Mimi baba yangu alifariki nikiwa Jeddah. Mnajua sisi maiti hailazwi, kafa alfajiri, baada ya adhuhuri kashazikwa. Ningepanda ndege gani? Ami yangu kashika simu juu tangu jeneza linatoka nyumbani, vichochoro vyote hivyo, mpaka makaburini. Picha ilikuwa inakatika, narudi naona migongo ya watu, inakatika tena. Nilitupa udongo wangu kwa macho. Wazee wetu waliokuwa wakisafiri na majahazi walipata waraka wa msiba baada ya miezi. Kwa hiyo simu mimi siitukani.

Kipepeo wa Shela
Mungu amrehemu mzee. Kweli kabisa.

Nahodha Ukutani
Langu la kazi. Wageni kutoka Ulaya waliandika wenyewe kwa Kiswahili, nadhani programu iliwatafsiria: "Tutakuja saa 9 asubuhi, twende kisiwa cha Manda Toto." Mimi saa tisa naijua moja, ile ya kabla ya alfajiri. Nikasema hawa wanataka kuvua. Nikaamsha mabaharia wawili, nikajaza mafuta, chambo, barafu. Saa tisa usiku tuko gatini, maji yamejaa vizuri. Hakuna mtu. Wakaja saa tatu asubuhi na miwani ya kuogelea, wanacheka. Ilikuwa bamvua, maji yashatoka, na mabaharia wangu wamechoka. Safari ikawa nusu, malipo yakawa nusu.

Siku hizi mtu akiniandikia saa, namjibu kwa jua: "baada ya jua kutoka, kabla ya adhuhuri?" Hapo tunaelewana.

Mmalindi
Nahodha, kosa ni lenu. Biashara ya wageni tumieni saa ya kizungu mmalize. Sisi Malindi tulishazoea zamani.

Nahodha Ukutani
Bwana, saa yangu ni ya jua la hapa. Likitoka ni saa kumi na mbili, likitua ni saa kumi na mbili. Mgeni ndiye ajifunze.

Mmalindi
Basi endelea kulala gatini.

Bint Langoni
Jamani, heshima. Nahodha ni mtu mzima.

Fundi wa Milango
Mimi nataka kusema juu ya kufanya kazi pamoja kwa mtandao, maana watu huisifu bila kuijua.

Mteja yuko Ulaya, msanifu wake yuko Mombasa, mimi niko hapa na patasi. Mchoro wa mlango umewekwa kwenye faili moja ambalo sote watatu twalifungua na kuandika ndani. Mwanzo nilifurahi. Zamani ningesubiri barua, au mteja aje mwenyewe aone. Sasa nampigia picha ya nakshi ya kizingiti cha juu, baada ya saa moja kajibu, nimeendelea. Miimo yote miwili nilimaliza hivyo, na mteja akaona kila ua linavyotoka kwenye mbao.

Tatizo lilikuja kwenye mfaa, ule ubao wa kusimama katikati ya mlango. Bando liliniishia, mimi nikawa nafanya kazi na mchoro niliokuwa nimeuhifadhi kwenye simu. Kumbe siku zile mbili mteja kabadilisha urefu wa mlango, kaandika palepale kwenye faili, msanifu kaona, kaweka alama ya sawa. Wote wawili wanajua. Mimi sijui, na mimi ndiye mwenye msumeno. Nikakata mfaa wa mbambakofi kwa kipimo cha zamani. Ule mti unajua bei yake. Nilipoufungua mchoro mpya nikaweka utepe juu ya mfaa, ukapungua inchi tatu na nusu. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu kwa mkono wa kijana wangu, labda macho yangu yamechoka. Inchi tatu na nusu.

Nikawauliza mbona hamkuniambia. Jibu: "Tulibadilisha kwenye faili." Yaani kwao kuandika ndiko kuambia! Fundi tukiwa karakana moja, mmoja akibadilisha kipimo anamshika mwenzake bega: njoo, tazama. Sasa nina sharti. Kipimo kikibadilika napigiwa simu, kwa mdomo, halafu mimi najibu kwa kuandika namba ile niliyoisikia. Bila hivyo sikati.

Dawati la Nyuma
Kweli fundi. Hata sisi wa ofisini ni vivyo hivyo, faili linaitwa "mwisho", kesho lipo "mwisho kabisa", keshokutwa "mwisho mpya".

Kipepeo wa Shela
Mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? WhatsApp na Facebook zilizimika dunia nzima kwa muda wa kama saa sita hivi, kwetu ilianza magharibi. Ilikuwa wiki ya harusi ya dada yangu, na orodha yote ya pilau na nani analeta nini iko kwenye kundi. Tukavaa mabuibui tukazunguka nyumba kwa nyumba, Mkomani mpaka Langoni, tochi mkononi. Kila nyumba tukatiliwa kahawa. Watu ambao kwenye kundi hawajibu neno, mlangoni walitupa mchele.

Mama wa Faza
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Lakini mikono imekataa kutulia.

Kusi ya 2022. Baba yangu na mabaharia wawili walitoka Faza, kisiwani Pate, alfajiri kuja Amu, wamechukua kamba wa mawe. Bei waliipata kwa simu usiku uliotangulia, walipiga Malindi na Mombasa wakalinganisha, na ilikuwa bei nzuri kuliko ile waliyozoea kutajiwa na mnunuzi wa pale pale. Hiyo faida ya simu siifichi.

Mwenye kuujua Mkanda anajua. Ule mlango wa bahari katikati ya mikoko ni mwembamba, na maji yakikupwa unakaa juu ya tope mpaka yajae tena. Injini iliwasumbua njiani, wakafika Mkanda maji yashatoka. Wakakwama. Pale mikokoni mtandao haushiki, na simu ya baba ikamaliza chaji kwa kuutafuta.

Saa nne asubuhi ikaingia sauti kwenye kundi la wanawake wa mtaa. Mwanamume, anahema: "Mashua ya Faza imezama, watu watatu, waombeeni dua." Nyuma yake picha ya mashua imepinduka, tumbo juu, maji ya kijivu. Mashua ya baba ina mstari wa kijani ubavuni. Ile ya kwenye picha ilikuwa nyeupe tupu. Jambo hilo nililiona usiku. Asubuhi ile macho yangu hayakuona rangi.

Nikapiga simu ya baba, haipatikani. Nikapiga ya baharia wake, haipatikani. Hapo nikaamini. Watu wakaanza kuandika Inna lillahi kundi baada ya kundi, na kila aliyeandika akawa shahidi wa mwingine. Kufika adhuhuri, mama kule Faza kavuliwa bangili kama mjane na kuingizwa chumbani, mikeka imetandikwa. Kaka yangu kapanda basi Mombasa. Mtu mmoja, Mungu anamjua, alinitumia pesa akaandika "za sanda".

Alasiri maji yakajaa, mashua ikaelea, wakatoka kwa pondo mpaka injini ikakubali. Karibu na magharibi baba kashuka gatini. Kandambili mkononi, tope mpaka magotini, kamba wake nusu wamekufa. Akaona watu wamesimama wanamtazama, hakuna anayemwamkia. Akanitazama mimi. Akauliza, "Nani kafa?"

Sikuweza kumjibu.

Dawati la Nyuma
Ya Rabi.

Mwalimu wa Bara
Poleni sana. Mimi nilikuwa na la shule. Machi 2020 shule zilipofungwa nilianzisha kundi la darasa langu, huku upande wa Mokowe. Simu ni ya baba, baba yuko shamba mpaka jioni, kwa hiyo hesabu za asubuhi zinasomwa usiku mtoto akisinzia. Msichana mmoja alikuwa ananipigia picha daftari lake chini ya taa ya koroboi, herufi hazisomeki, lakini hakukosa siku hata moja. Wengine sikuwaona hadi Januari 2021. Waliokuwa na simu walisonga mbele, wasio nayo walirudi kama wamesahau kalamu inavyoshikwa...

Wa Ng'ambo
Mwalimu, niwie radhi, tutarudi kwako. Mama wa Faza, mama yako je? Nani alimwambia?

Mama wa Faza
Baba mwenyewe, kwa simu yangu. Mama alikataa kuamini. Akasema sauti siku hizi zinatengenezwa. Ilibidi baba amtajie jina la utani ambalo hatukuwahi kulisikia sisi watoto.

Msimamo Mkali
Huyo mwenye sauti ashtakiwe! Sheria ya Kenya ya 2018 ya makosa ya kompyuta ilitaja kueneza habari za uongo. Mkimwacha atarudia.

Nahodha Ukutani
Ukimfuata utamkuta ni mtoto wa shangazi yako. Utampeleka kortini, halafu Idi utakaa naye sinia moja?

Msimamo Mkali
Ndiyo maana mambo hayaishi Lamu, kila kitu ni udugu.

Mmalindi
Hapo Msimamo kasema kweli.

Nahodha Ukutani
Mmalindi, wewe tena! Sikizani, manahodha tuna kundi letu na lina sharti. Anayeandika habari ya chombo ni aliyeona kwa macho yake tu, na ataje jina la chombo, mahali na saa. Asiyeona anyamaze. Mwaka jana mashua ya wenzetu ilikufa mota nje ya Kiwayu, mmoja wao alipata mtandao kidogo akaandika mstari mmoja kwa sharti hilo, na kabla ya giza wenzake walikuwa wamewafikia. Simu ileile.

Dawati la Nyuma
Tena ukiona ile mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umeshapita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp yenyewe huuzuia, huupeleki ila kwa kundi moja au mtu mmoja kwa mara moja. Mishale miwili kwangu ni kusimama.

Kipepeo wa Shela
Mimi nimetoka makundi yote, nimebaki na la ukoo tu. Usiku nazima simu. Fanyeni hivyo mtapumzika.

Baba Matondoni
Usizime usiku, dada! Mke wangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Nilipiga simu mbili, ya mkunga na ya mwenye boti. Wote walikuwa hawajazima. Binti yangu ana miaka mitano sasa.

Bint Langoni
Nimesoma yote. Kwetu nimeshaandika leo: habari ya ugonjwa au msiba hailetwi kundini mpaka watoto wa huyo mtu wapigiwe simu mmoja mmoja, na jina kamili litajwe. Mama mkubwa kajibu kwa sauti ya dakika nne, kakubali.

Mwalimu, tafadhali endelea. Yule msichana wa koroboi alifika wapi?

Mwalimu wa Bara
Yuko kidato sasa. Bado ananitumia picha za daftari, na zinasomeka.

Mgeni wa Kundi
Nimejiandikisha ili kusema hili tu. Mama wa Faza, ile sauti si yangu, lakini ilinifikia mapema, na mimi niliipeleka makundi matatu. Picha niliiongeza mimi. Nilikuwa nayo kwenye simu, ilikuwa ya mashua ya mbali, ya mwaka mwingine. Nilidhani nasaidia watu waamini haraka waende kutafuta. Usiku niliposikia mzee yu hai nilifuta kila kitu na sikumwambia mtu. Nisamehe.

Msimamo Mkali
Sikuwaambia?

Nahodha Ukutani
Nyamaza kwanza, bwana. Mwache mwenyewe aseme.

Mama wa Faza
Nimekaa na ujumbe wako tangu adhuhuri. Mimi nimekusamehe. Lakini aliyezikwa ni baba, na mama ndiye aliyevuliwa bangili. Wapo Amu mwezi huu, tumewaleta kwa ajili ya macho ya mama. Baada ya alasiri baba hukaa barazani, nyumba ya pili ukitoka gatini kwa ngazi za zamani, watu wa pale watakuonyesha. Usimpigie. Masikio yake hayashiki tena maneno ya kwenye simu.

Mgeni wa Kundi
Kesho naja.