Racheti ya tatu mwaka huu, na waranti ya maisha imekataliwa

FundiWaLangoni (Lamu)

Assalamu alaikum mafundi wenzangu.

Natengeneza mashini za boti hapa Amu, huu mwaka wa kumi na moja. Nyingi ni zile za kufunga nyuma ya boti, za nguvu za farasi 15 na 40, na mara moja moja dizeli za majahazi. Karakana yangu ni banda la makuti karibu na maji, kwa hiyo upepo wa chumvi unanifuata mpaka ndani ya sanduku la spana. Hakuna gari la kuniletea kifaa nikikwama. Kitu kikivunjika, kingine kinatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kinavuka kwa boti, ndiyo kinanifikia. Siku mbili zikienda vizuri.

Alhamisi iliyopita ilikuja boti ya Faza, mashini haitoi cheche. Abiria wako gatini na mizigo yao, mmoja ni mama mjamzito aliyetoka kliniki, jua linazama. Nikaona lazima nivue flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashini, niangalie koili za cheche zilizo chini yake. Nati ya flaiwili mnaijua, hata ikiwa mpya inafungwa kwa nguvu, na hii ilikuwa haijaguswa miaka. Nikaweka racheti ya nusu inchi, ile spana yenye meno ndani inayoshika upande mmoja na kuteleza upande wa pili, nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini, nikavuta. Racheti ikakubali, ikakaza, halafu ikaruka ndani kwa ndani. Mkono ukaenda wenyewe mpaka kwenye ukingo wa kifuniko. Kidole cha kati kimeshonwa nyuzi tatu. Kaka yangu ndiye aliyemalizia kazi kwa spana ya kugonga, na wale watu waliondoka saa nne usiku. Ndilo lililoniuma kuliko kidole.

Hiyo ni racheti ya tatu tangu Januari. Mbili za kwanza zilikuwa za shilingi 700, sina la kusema. Ya tatu nililipa 2,800 Mombasa, meno 72, na kwenye boksi imeandikwa ina waranti ya maisha. Niliamini. Nikaifunga kwenye gazeti pamoja na risiti, nikaituma. Jibu likaja kwa simu: mpini una alama ya bomba, haya ni matumizi mabaya, hatubadilishi. Wameirudisha kwa gharama yangu.

Bomba nilitumia, sikatai. Lakini fundi gani wa mashini za bahari hatumii bomba? Nauliza mambo mawili. Kwanza, duka lina haki? Pili, ninunue nini sasa? Kuna anayeniambia nitafute ya 9,000 niachane na shida, kuna anayesema chukua za 700 kumi uzitupe zikivunjika. Mimi sipendi kutupa chuma. Na kidole hakinunuliwi dukani.

GerejiYaZamani (Malindi)

Wa alaykum salaam mwanangu. Pole sana na kidole. Osha na maji safi kila siku, usikitie petroli ukadhani ni dawa.

Mimi niko kwenye malori na trekta, mwaka wa thelathini na mbili huu, na racheti yangu ya nusu inchi ni ileile tangu mwanangu wa pili azaliwe. Sasa ana watoto wake. Si kwamba ni ya ajabu. Sijawahi kufungulia nayo nati iliyoganda.

Chukua karatasi tufanye hesabu. Mpini wa racheti ya nusu inchi ni kama sentimita 25. Ukijining'iniza mzima, tuseme una kilo 70, hiyo ni kama niutoni 700. Zidisha kwa robo mita unapata niutoni mita 175. Racheti nzuri inabeba hiyo bila kulalamika. Sasa tia bomba, mkono wako uwe mita moja kutoka kwenye nati. Mtu ni yuleyule na uzito ni uleule, lakini sasa ni niutoni mita 700. Kipimo cha kimataifa cha racheti ya nusu inchi, ISO 3315, kinadai ihimili niutoni mita 512. Umeshavuka kiwango ambacho hata aliyeitengeneza kwa uaminifu anakipimia, tena ulivuta kwa kishindo, na kishindo huongeza.

Na mzigo wote huo unaubeba nini? Fungua kichwa uone. Ndani kuna gurudumu la meno, na kidole kidogo cha chuma kinachosukumwa na springi kiyakamate. Kwenye kidole hicho yanayokamata ni meno machache tu kwa wakati mmoja, mengine yanazunguka bure. Meno 72 maana yake kila jino ni digrii 5, unaweza kufanya kazi mahali pembamba pasipo na nafasi ya mkono. Meno 36 ni digrii 10, 24 ni digrii 15, na jino lenyewe ni nene zaidi. Ila usimwamini anayekwambia meno machache siku zote ndiyo imara. Kuna za meno 72 ambazo kidole chake ni kipana na kinakamata meno mengi pamoja, hizo ni ngumu kweli. Kwa macho ya dukani huwezi kujua.

Unachokosa wewe ni pawabaa. Chuma kimoja kirefu, nusu mita au zaidi, kichwa kinakunjika na hakina meno wala springi ndani. Hicho ndicho cha kuvunjia ugumu. Nati ikishatoa ule mlio na kusogea robo, toa pawabaa, weka racheti umalizie. Vijana wangu nimewakataza kabisa kutia bomba kwenye racheti, na anayerudia namrudisha kufua injini kwa wiki nzima.

Jambo jingine. Bolti za milimita 10 zile za sanduku la gia la chini zitakatika kabla racheti nzuri haijavunjika. Kwa hizo bomba halikusaidii chochote, linakuletea kazi ya kuchimba bolti iliyokatikia ndani ya alumini. Zigonge kichwa kwa nyundo taratibu, tia oili ya kupenyeza, ziache usiku kucha, zipashe moto kidogo kama hakuna petroli karibu, halafu anza kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Nyinyi wa baharini mna bolti za stenlesi ndani ya alumini, na maji ya chumvi yakiingia kati alumini inalika na kutoa unga mweupe unaozishika kama saruji. Ukifunga upya zipake grisi ya baharini, mwenzio atakayezifungua mwakani akuombee dua.

BintiWaVyuma (Malindi)

Kaka Fundi, pole. Nimeuza vifaa Mombasa miaka sita kabla sijaolewa huku, na racheti zilizorudishwa nimezipokea kwa mikono yangu mpaka nikazoea uzito wake. Naomba niseme la waranti, kwa sababu hapo naona umeonewa nusu.

Waranti ya maisha haimaanishi maisha yako wewe. Watengenezaji wengi wanaandika ndani kwamba wanadhamini kasoro ya kiwandani: chuma kibaya, kichwa kilichopasuka, kidole kilichochongwa vibaya. Kuchakaa kwa kazi, kutu, na kutumia bomba huwa vimetolewa kwenye maandishi madogo. Na racheti kwa kuwa ina vitu vinavyocheza ndani, wengi wanaitenga na soketi, vile vikombe vya kuvalia nati. Soketi wanakubadilishia nzima, racheti wanakupa vipuri vya ndani ujirekebishie. Marekani waliozoea Craftsman ya Sears walikuwa wanaingia na kilichovunjika na kutoka na kipya bila maswali, na sifa hiyo imesafiri mpaka kwetu. Lakini ile ilikuwa kaunta ya duka lililokuwepo karibu na nyumba zao. Kaunta yako wewe iko ng'ambo ya maji na siku nzima ya basi. Waranti ni nzuri kadiri ya aliye tayari kuitimiza, tena mahali unapoweza kufika.

Pale ulipoonewa ni hapa: alama ya bomba inaonyesha ulitumia bomba siku moja. Haionyeshi kilichovunjika ndani ni nini. Sisi tulikuwa tunafungua kichwa. Kidole kikiwa kimemeguka upya na chuma kinang'aa, hapo mzigo ulizidi. Kikiwa na ufa wa zamani uliokwisha kuwa mweusi, au meno yamelala kama chuma laini, hiyo ni kasoro na tulikuwa tunabadilisha hata mpini uwe na alama kumi. Waliokurudishia bila kufungua hawakufanya kazi yao.

Sheria pia ipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, kifungu cha 16, inasema ukimjulisha muuzaji kazi unayotaka kuifanyia bidhaa, na ukategemea ujuzi wake, basi inatakiwa ifae kazi hiyo. Kwa hiyo usiingie dukani ukasema "nipe racheti". Sema: natengeneza mashini za bahari, nafungua nati ngumu kila siku, unanipa ipi? Mwambie kwa ujumbe wa maandishi ubaki nao. Na risiti ipige picha siku hiyohiyo, zile karatasi za mashine hufutika kwa joto, kwa joto la Amu hata haraka zaidi.

Kwenye kununua, mimi singetazama bei kwanza. Geuza kichwa. Kikiwa na skrubu mbili au sakilipu, yaani pete ya chuma ya kubania, kinafunguka. Kikiwa kimebanwa kwa kiwanda, kikifa kimekufa. Halafu uliza kama vipuri vya ndani vinauzwa, na udai uvione kwenye rafu, si kuahidiwa. Racheti ya 4,000 yenye vipuri itakutumikia Lamu kuliko ya 9,000 ambayo vipuri vyake viko Ulaya.

NahodhaShela

Mimi si fundi, ni mwenye boti, lakini nina racheti chomboni miaka saba. Kila nikirudi naisuuza kwa maji ya birika, naikausha, naizungusha ndani ya mafuta ya taa, kisha matone mawili ya oili nyepesi. Kroma ikianza kubabuka tu kutu inaingia kwenye springi. Mchanga wa huku ndio adui. Usiweke kifaa juu ya mchanga hata dakika moja, tandika gunia.

FundiWaLangoni (Lamu)

Ami wa Malindi, dada, nahodha, Mungu awalipe. Nimesoma usiku, asubuhi nikaifungua racheti.

Ina skrubu mbili, sikuwahi hata kuzitazama. Ndani nilikuta kitu ambacho kimenishtua. Grisi nyeusi imejaa mpaka juu, nzito kama halua, na ndani yake mchanga. Grisi hiyo niliitia mwenyewe mwezi wa Ramadhani nikidhani naitunza. Nimeisafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno. Kidole kimemeguka ncha mbili, chuma kinang'aa, hakina ufa mweusi. Lakini upande ambao hakikumeguka meno yana alama za kukwaruzana nusu, kama yaliyokuwa yanashikana juu juu tu kwa muda mrefu.

Ami, hii grisi ndiyo iliyokizuia kidole kisishuke mpaka chini ya meno?

GerejiYaZamani (Malindi)

Ndiyo mwanangu. Meno ya 72 ni madogo, kina chake hakizidi unene wa kucha. Grisi nzito inakiegemeza kidole, springi haina nguvu ya kuipasua, kinakamata kwa ncha. Ukivuta taratibu kinashika, ukivuta kwa bomba kinaruka. Hapo hata racheti ya 9,000 ingekutoa damu. Oili nyepesi matone mawili, kama alivyosema nahodha. Grisi iache kwenye bolti.

BintiWaVyuma (Malindi)

Kwa hali hiyo hata mimi nisingekubadilishia bure, kaka, nakwambia ukweli. Ila ningekuuzia vipuri. Piga picha ya kichwa kilichofunguliwa, pamoja na namba iliyochongwa kwenye mpini, uwatumie tena. Usiombe wabadilishe. Omba vipuri vya namba hiyo, uone watasemaje.

FundiWaLangoni (Lamu)

Nimewatumia. Wamejibu baada ya Adhuhuri: wanavyo, seti ni 650, gurudumu, kidole, springi mbili na sakilipu. Nimelipa. Nimeagiza na pawabaa ya nusu mita, vyote viingie basi moja. Bomba nimempa jirani afungie bomba la tangi lake.

Yule mwenye boti ya Faza amenipigia, mama amejifungua mtoto wa kike, salama. Anarudi Jumatatu kwa ajili ya bolti za sanduku la gia. Leo jioni natuma kijana akazipake oili ya kupenyeza, zikae siku zote hizo kabla sijazigusa.