Mtoto kaungua na jua kipindi cha baridi huku Mbeya, inakuwaje?

MamaBinti_Uyole:

Wakuu habari za humu. Nina mtoto wa kike wa miaka mitano, ana ualbino. Tumehamia Uyole mwaka huu tukitokea Dar, baba yake kahamishiwa kazi huku. Dar nilikuwa mkali sana na jua, ikifika saa nne mtoto yuko ndani, akitoka ni kofia, mikono mirefu, losheni, na kusema kweli lile joto lenyewe lilikuwa linatufukuza tunaingia kivulini bila kuambiwa. Sasa kufika huku nikakuta kipupwe, ukungu asubuhi, watu na makoti yao, nikajua hapa tumepona. Majirani nao wakawa wananiambia mama we mwache mtoto aote jua, jua la huku halina ukali. Nikamwacha.

Wiki iliyopita alikaa na wenzake ukutani wanaota jua kuanzia kama saa nne mpaka saa saba na nusu, na kulikuwa na mawingu mepesi na kaupepo ka baridi kabisa. Jioni naenda kumuogesha nakuta shingo imeiva, masikio yamevimba, ukimgusa analia, kesho yake malengelenge mdomoni. Na mafuta ya mgando nilikuwa nimempaka ya kutosha asubuhi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Naomba mnieleweshe, jua linaunguzaje mtu na huku anatetemeka baridi? Afu kuna swali linazunguka tu kichwani, hapa nyuma kuna maharage ya jirani, kuna ng'ombe wake, wanashinda juani kutwa hawana kofia wala losheni, wao wanajikinga na nini?

nesi_mstaafu:

Pole mwanangu. Kwanza mpeleke mtoto kituo cha afya wamwone, malengelenge kwa mtoto mwenye ualbino si ya kusubiri. Usiyapasue, usimpake dawa ya meno wala samli. Kitambaa safi cha maji ya baridi, anywe maji mengi, asitoke juani mpaka ngozi itulie. Hayo maswali mengine walimu watakujibu, mtoto kwanza.

Mwl_Baiolojia_Iringa:

Kamwene mama, pole sana, na usijilaumu maana hili hata wenyeji linawapita. Nafundisha sekondari hapa Iringa na kila mwaka nalirudia darasani. Joto unalolisikia na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili ingawa jua ni moja. Inayounguza ni UV, vitabuni tunaita urujuanimno, haionekani wala haisikiki mwilini, ukija kusikia maumivu ujue kazi imeshafanyika saa kadhaa nyuma. Upepo unapoza ngozi tu, UV haupunguzi hata kidogo.

Halafu angalia mmetoka wapi mmekuja wapi. Dar ni usawa wa bahari, Mbeya ni kama mita 1,700 juu, na kwa kila mita 1,000 unazopanda UV inaongezeka kama asilimia 10 au zaidi kidogo kwasababu hewa ya kuichuja imepungua. Kwahiyo jua la huku linasikika la upole lakini hali ya hewa ikiwa sawa linaunguza kuliko la Dar. Mawingu mepesi nayo yasikudanganye, yanaweza kupitisha hata asilimia 80 ya UV. Ngao kubwa tuliyonayo watu wote iko mbali sana juu, ni tabaka la ozoni, kilomita 15 mpaka 35 hivi, na kwa kuwa UV iko ya aina tatu, UVA, UVB na UVC, linazuia UVC yote na sehemu kubwa ya UVB, ila UVA inapita karibu yote. Ndo maana 1987 mataifa yalikaa Montreal yakasaini mkataba wa kuachana na zile gesi za mafriji na makopo ya kupuliza zilizokuwa zinaimaliza hiyo ozoni.

Kipimo cha bure ni kivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, UV ni kali, tafuta pa kujificha. Na kwa Mbeya jua linafika juu kabisa karibu na saa saba mchana, hata mwezi huu wa sita ambapo limehamia kaskazini kivuli cha saa hiyo ni kama theluthi mbili tu ya urefu wako. Katikati ya mwezi wa kumi na mwishoni mwa mwezi wa pili linapita utosini, kivuli unakikanyaga. Sasa mtoto amekaa saa nne mpaka saa saba na nusu, amepigwa sehemu kubwa ya kipindi kibaya.

Kuhusu ngozi. Tuna seli zinazotengeneza rangi ya melanini, na idadi yake kwa mweusi, mzungu na mwenye ualbino haipishani sana, kinachopishana ni rangi inayotoka. Ile rangi inahamishiwa kwenye seli za juu na inajipanga juu ya kiini cha seli upande wa jua, kama mtu kavaa pama, kwasababu humo kwenye kiini ndo kuna DNA, yale maelekezo ya urithi yanayoiongoza seli, na UV ikiigonga inaharibu mpangilio wake. Binti yako hizo seli anazo, tena nzima, ila hazitoi rangi ya kutosha, kwahiyo pama inabidi umvalishe wewe kwa nje. Mwili pia una namna ya kukata kipande cha DNA kilichoharibika na kuweka kipya, kazi ya kuelewa marekebisho ya DNA ndio iliyowapa Aziz Sancar, Tomas Lindahl na Paul Modrich Nobeli ya kemia 2015. Tatizo ni kuungua kila siku, marekebisho yanazidiwa, makosa yanabaki, na miaka ikienda ndipo saratani ya ngozi inapoanzia. Sisi weusi melanini inatupunguzia sana lakini haizuii yote, macho yetu mfano hayana ngozi nyeusi, mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho vinahusishwa na jua pia.

Maharage ya jirani nenda kayaangalie saa saba mchana. Utakuta majani yamejigeuza, yamesimama wima, jua linapita ukingoni badala ya kulipiga jani bapa, jioni yanalala tena. Mi nikiwapeleka wanafunzi shambani hiki ndo kinachowashangaza kuliko vyote, jani halina misuli lakini linajua pa kugeukia. Na ndani ya jani mwanga ukizidi ule unaohitajika kutengeneza chakula, kuna rangi za manjano za ukoo mmoja na ile ya karoti zinauchukua ule wa ziada na kuutoa kama joto. Ngozi ya juu ya jani nayo ina kemikali zinazozuia UV lakini zinaruhusu mwanga wa kawaida upite. Majani machanga ya mwembe yakitoka yana wekundu fulani, ile rangi inasaidia kuyakinga wakati bado laini. Panda Kitulo uone mimea ya huko juu, mingi ina vinywele vyeupe kama pamba, ukigusa laini, vinarudisha mwanga. Na mimea ina kimeng'enya ambacho sisi binadamu hatunacho, kinatumia mwanga wa jua lilelile kurekebisha DNA iliyoharibiwa na UV.

BwanaMifugo_Tukuyu:

Mwalimu kamaliza, mi naongezea kwenye ng'ombe maana mama kauliza. Ng'ombe ana manyoya na ngozi nene lakini si kweli kwamba haungui. Huku Rungwe tuna Friesian wengi, wale wa mabaka meusi na meupe, na kila mwaka naitwa kwa mfugaji anakwambia ng'ombe wangu karogwa, ngozi inabanduka kama karatasi. Ukifika unakuta sehemu nyeupe tu ndio zimebanduka, kwenye jeusi pako salama, mstari umepita palepale rangi inapobadilika utadhani umechorwa. Hakuna uchawi hapo. Mara nyingi ng'ombe amekula lantana, ile ya uzio yenye vimaua vya njano, machungwa na pinki kwenye kichwa kimoja, sumu yake inaharibu ini, ini likishindwa kazi kuna kitu kinachotokana na majani aliyokula kinabaki kwenye damu na jua likikipiga ndani ya ngozi kinaunguza. Penye rangi nyeusi jua halifiki vizuri. Macho yanaweza kuwa ya njano, anakataa kula, anatafuta kivuli mwenyewe. Muingize bandani mara moja, mwite daktari wa mifugo, na hiyo lantana ing'oe na mizizi.

Nguruwe weupe ndio wanaungua kabisa, masikio na mgongo, wakikosa banda lenye paa au matope. Watu wanasema nguruwe mchafu, yale matope ni koti lake, yanampoza na yanamkinga jua na wadudu. Tembo nao wanajimwagia vumbi, na viboko wa Ruaha wakitoka majini ngozi inatoa majimaji mekundu, wageni wanafikiri damu, kumbe ni kinga yao ya jua na ya vijidudu.

Parachichi_Njombe:

Kwenye miti ni hivyohivyo. Msimu wangu wa kwanza nilitoa miche kitaluni kwenye kivuli nikaipeleka moja kwa moja shambani jua kali, majani yakawa kahawia ndani ya siku chache, nikapoteza mingi sana inauma mpaka leo. Sasa hivi napunguza kivuli kidogo kidogo kama wiki mbili kabla ya kuhamisha, na kila mche naukingia nyasi hasa upande wa magharibi, jua la mchana kwenda jioni ndio baya. Miti mikubwa ukipunguza matawi shina likabaki wazi lipake chokaa na maji, au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa, usipake rangi ya mafuta, gamba la parachichi ni jembamba linapasuka jua likilipiga. Tunda nalo likikosa jani la kulifunika linatoa baka la njano na mnunuzi wa nje halichukui.

Viazi pia ndugu zangu, inulieni udongo shina lifunikwe, kiazi kikipigwa mwanga kinageuka kijani na kinatengeneza sumu, hicho si cha kumpikia mtoto.

Kaka_wa_Mafinga:

Shikamoo wakubwa. Mama mimi mwenyewe nina ualbino, nina miaka 41, nimekulia Mufindi kwenye baridi kuliko hiyo ya Uyole. Nakuandikia kwa kirefu kidogo kwasababu hayo mambo ya kuota jua ndio yaliyoniumiza mimi.

Utoto wangu hakuna aliyejua. Asubuhi baridi, tunapanga mstari shuleni, tunaota jua, mapumziko tunaota jua, jioni tunalima. Nikiwa na miaka 26 kidonda kilitokea juu ya sikio, kadogo tu, kanakauka kanarudi, kanakauka kanarudi, nilikaa nako karibu mwaka mzima nikidhani ni baridi imepasua. Ilikuwa saratani. Walikata kipande cha sikio, nashukuru Mungu ilikuwa haijasambaa. Kwahiyo kidonda chochote au gamba gumu lisilopona wiki tatu nne, masikioni, mdomo wa chini, shingoni nyuma, usisubiri, na hata kama hana kitu mpeleke kliniki ya ngozi akaguliwe angalau mara mbili kwa mwaka.

Mafuta ya mgando hayazuii jua mama. Yanalainisha ngozi, basi. Baby oil na mafuta ya nazi ni vilevile. Anatakiwa losheni ya jua ya SPF 30 kwenda juu (SPF ni kipimo cha kinga ya jua, kimeandikwa kwenye chupa), mpake kama nusu saa kabla ya kutoka, kwa wingi, usisahau masikio, shingo nyuma, juu ya miguu kama amevaa ndala, na urudie kila baada ya saa mbili. Angalia tarehe ya mwisho kwenye chupa na usiianike juani. Kuna Kilisun inatengenezwa pale hospitali ya KCMC Moshi maalumu kwa ajili yetu na inagawiwa bure, ulizia kliniki ya ngozi au viongozi wa chama cha watu wenye ualbino wa mkoa wakuelekeze.

Ila losheni mimi naiweka ya mwisho. Ya kwanza ni nguo. Kapelo haitoshi, inakinga paji la uso inaacha masikio na shingo, na huko ndiko tunakougua. Kofia iwe na ukingo kuzunguka pande zote. Shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana, liinue kwenye taa, ukiona mwanga unapenya basi na UV inapita, vitambaa vyeupe vyepesi vinaonekana vizuri lakini vinapitisha. Na kipimo cha kivuli cha mwalimu ni kizuri ila kwa sisi usisubiri kivuli kifupike ndio umvalishe, kofia tangu asubuhi.

Baridi si lazima aitoe juani. Mvalishe sweta zito, mpe uji wa moto, akae barazani kwenye kivuli acheze na wenzake hapohapo. Usimfungie ndani peke yake, hilo nalo linaumiza.

dada_wa_Soweto_Mbeya:

Naomba niseme na wadada wenzangu humu, hii habari ya melanini inatuhusu na sisi tunaotumia mkorogo. Unaitoa pama ya mwalimu kwa hela yako mwenyewe. Mimi niliacha baada ya mashavu kuungua na kutoka mabaka meusi ambayo hayajaisha mpaka leo, na ilikuwa baridi hivihivi mwezi wa saba. Na ukiwa unameza doxycycline, ile antibayotiki, uliza dokta kuhusu jua, inafanya ngozi iungue haraka.

MamaBinti_Uyole:

Jamani asanteni sana, sijui niseme nini, Kaka wa Mafinga nimesoma yako mara tatu nikalia, Mungu akutunze. Mtoto tumempeleka juzi, wamempa dawa, malengelenge yanakauka na wametupangia kliniki ya ngozi. Shule yake ya chekechea nimeongea na mwalimu, amekubali mstari wa asubuhi wapange upande wa mti.

Jana tulikaa barazani yeye kavaa kofia ya baba yake tukawa tunatoka mara moja moja kupima kivuli. Saa nne kilikuwa bado kirefu kumzidi, ilipokaribia saa tano kikawa sawa na yeye, akakimbia ndani anapiga kelele mama kimenifikia. Swali la mwisho, dirishani akikaa anaungua? Na kofia za saizi yake zenye ukingo mpana nimezunguka sokoni sijaona, zote kapelo.

Mwl_Baiolojia_Iringa:

Kioo cha kawaida kinazuia UVB nyingi ila UVA inapita. Akae mbali na dirisha au weka pazia zito, na kwenye gari vivyo hivyo.

Kaka_wa_Mafinga:

Kofia usihangaike kununua. Nenda kwa fundi cherehani pale Mwanjelwa na kipande cha jinzi au khaki, apime kichwa, ukingo sentimita 8 kuzunguka kote usipungue, ndani aweke kitambaa cheusi au cha rangi nzito ili mwanga usimrudie machoni. Na ashone kamba ya kufunga kidevuni, upepo wa Uyole mnaujua wenyewe.