Wakuu, "check" kwa Kiswahili ni nini? Nina haraka

Mfasiri_Mchanga: Habari zenu wakuu. Naomba neno moja tu la Kiswahili la "check". Kazi inatakiwa kesho asubuhi na nimekwama. Msinirudishe kwenye kamusi, nimetoka huko.

Kete_Nne: Neno moja halipo. Asili yake ni shah ya Kiajemi, yaani mfalme. Lilipita kwa Waarabu pamoja na mchezo wa sataranji (chess), Wafaransa wakaliita eschec, Waingereza wakalipokea mnamo 1300 hivi. Ilikuwa tahadhari: mfalme wako hatarini! Kutoka hapo likawa kuzuia, kisha kudhibiti, kisha kuhakiki. Checkmate, tamko la kumaliza mchezo, ni shah mat. Kwa Kiajemi mat ni aliyeshindwa, ila Kiarabu kinaisoma "amekufa", mzizi mmoja na mauti na maiti zetu.

Bi_Istilahi: Hakuuliza sataranji. Mfasiri, matini ni ya Uingereza au Marekani?

Mfasiri_Mchanga: Kwani kuna tofauti? Kiingereza ni Kiingereza.

Bi_Istilahi: Kubwa. Mwingereza hundi huiandika cheque, na alama ya kwenye kisanduku huiita tick. Mmarekani zote mbili ni check.

Mfasiri_Mchanga: Basi ni Marekani. Kijitabu cha Wakongomani wanaohamia huko. Ila nimeshaweka "hundi" kote, mara 31, kompyuta imebadilisha yote kwa mkupuo. Msomaji ataelewa kwa muktadha.

Sijali_Tu: 😂😂 "Weka hundi kwenye kisanduku." Mtu wa watu ndo kwanza kafika, hata akaunti hana! Vijana mnapenda mteremko.

Kete_Nne: Hundi nayo tuliitoa India. Tahajia ya cheque imeiga Exchequer, hazina ya Uingereza: karne ya 12 walihesabia fedha kwenye meza ya futi 10 kwa 5, juu yake kitambaa chenye miraba kama ubao wa sataranji. Ndiyo maana hata shati la mirabaraba…

Bi_Istilahi: Kete, pumzika. Mfasiri, bandika sentensi.

Mfasiri_Mchanga: "Check the box." "Pay by check." "Check your bag." "Background check." "Seniors play checkers."

Jicho_Kavu: Ngoja. Benki, begi na wazee wanaocheza, vyote kijitabu kimoja? Huu ni mtihani wa chuo, tunafanyishwa sisi.

Mfasiri_Mchanga: Sura ya 6 ni kituo cha wazee!

Sijali_Tu: Tupia picha ya ukurasa.

Mfasiri_Mchanga: Mteja haruhusu.

Jicho_Kavu: Nilijua.

Bi_Istilahi: Mtihani au kazi, jibu halibadiliki. Weka alama ya vema kwenye kisanduku. Lipa kwa hundi. Kabidhi begi, ukiandika "kagua begi", abiria atalifungua, achungulie, kisha apande nalo. Uchunguzi wa rekodi za mtu. Wazee hucheza drafti. Sasa rudi kwenye nakala ya awali, tafuta "check" moja moja, usibonyeze badilisha yote. Kompyuta haijui neno linaishia wapi: paycheck, ambayo ni mshahara, itakuwa imegeuka "payhundi".

Mfasiri_Mchanga: Kumbe! Sura ya hospitali ina "hundiup" mara nne. Nikaiacha hivyo hivyo, nikidhani ni neno la kidaktari.