Dartmoor kwa miguu bila gari: majabali ya graniti na bonde la mto ndani ya siku moja, inawezekana?

mguu_njiani:

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaoijua Dartmoor, ile nyanda ya juu ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wiki ya pili ya Novemba nitakuwa Exeter na nitakuwa na siku moja tu ya kutembea. Sina gari. Nataka nione majabali ya juu vileleni na pia nipite kwenye bonde la mto, si kupiga picha kando ya barabara halafu basi.

Dira naijua na ramani nasoma. Nisichokijua ni mambo ya huko kwenyewe: jeshi na bendera zake, vinamasi, mito inayojaa ghafla, na hayo mawe yakilowa yanapandika vipi. Nianzie wapi, umbali gani unatosha kwa mwanga wa Novemba, na wapi nisiguse kabisa?

Kontua621:

Mkuu, inawezekana, na treni ndiyo itakayokuokoa. Reli ya Exeter hadi Okehampton ilirudishiwa abiria Novemba 2021, safari ni kama dakika 40. Stesheni ya Okehampton iko juu ya mji, upande wa kusini, kwa hiyo ukishuka tu umeshafika ukingoni mwa nyanda. Huhitaji basi wala teksi.

Njia ninayokupendekeza ni mzunguko wa kilomita 16 hivi, mpando wa jumla kama mita 500.

Toka stesheni ufuate Granite Way kuelekea magharibi. Ni njia ya lami juu ya reli ya zamani, haipotezi mtu. Baada ya kama kilomita 4 unafika daraja la chuma la Meldon, la mwaka 1874. Hapo acha lami, panda hadi bwawa la Meldon, vuka juu ya ukuta wake, kisha shika njia ya ukingoni hadi maji yanapoishia. Kuanzia hapo unapanda na mto West Okement ukiwa mkono wako wa kulia. Bonde linabana, mawe yanaongezeka, na baada ya muda utaona msitu mdogo wa mialoni mifupi iliyojikunja, Black-a-Tor Copse ("tor" huku ni jabali la graniti la kileleni). Pita ukingoni, usiingie ndani. Ni hifadhi ya taifa ya mazingira asilia, na ule ukijani mzito uliofunika mawe hung'oka kwa kukanyagwa mara moja tu.

Kutoka msituni geuka kushoto, panda moja kwa moja hadi Black Tor. Hicho ndicho kipande kigumu cha siku nzima: mwinuko mkali, mawe yaliyotapakaa, nyasi za vishungi. Kutoka Black Tor elekea mashariki hadi High Willhays, mita 621, kilele cha juu kuliko vyote Dartmoor. Usitegemee kilele cha kutisha, ni rundo la mawe tu juu ya mgongo mpana. Yes Tor iko kaskazini kamili yake, chini kidogo ya kilomita 1, ina mita 619 lakini umbo lake ndilo linalodanganya watu waione ndefu zaidi. Andika gridi hizi, yaani namba za mahali kwenye ramani, kwenye karatasi: High Willhays SX 580 892, Yes Tor SX 580 901.

Ukitoka Yes Tor shuka kuelekea West Mill Tor, uvuke kijito cha Red-a-ven Brook kwenye barabara ya jeshi, uendelee hadi kambi ya jeshi ya Okehampton. Stesheni iko chini yake.

Sasa muda. Kanuni ya kawaida ni saa 1 kwa kila kilomita 5 na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo inakupa saa 4. Dartmoor ongeza theluthi hadi nusu, kwa sababu vishungi na matope havina adabu. Hesabu saa 6. Wiki hiyo jua linazama karibu saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo toka stesheni saa 3 asubuhi. Black Tor uwe umefika saa 6 mchana. Ikigonga saa 7 na bado uko bondeni, geuza, urudi kwa njia ya bwawa.

Bi_Dira:

Njia nzuri, lakini Kontua621 umeruka jambo linaloweza kuifuta safari yote. High Willhays na Yes Tor ziko ndani ya eneo la mazoezi ya jeshi la Okehampton. Kuna maeneo matatu ya aina hiyo upande wa kaskazini: Okehampton, Willsworthy na Merrivale. Wanapiga risasi za kweli.

Mpaka umewekewa nguzo nyekundu na nyeupe pamoja na mbao za tahadhari. Siku ya kupiga, bendera nyekundu hupandishwa vilimani mchana, na usiku huwashwa taa nyekundu. Ukikuta bendera iko juu, husogei ndani ya nguzo hata kama husikii mlio wowote. Ratiba hutangazwa mapema kwenye tovuti ya serikali. Itazame kabla ya kukata tiketi, uitazame tena jioni ya kuamkia safari. Na hata siku ambayo hakuna mazoezi, kipande chochote cha chuma ukikikuta ardhini kiache kilivyo.

Ikitokea siku yako ni ya risasi, hamia upande wa mashariki: Haytor na Hound Tor. Huko hakuna jeshi. Unaanzia Haytor, unapita machimbo ya zamani, unakuta reli ya mwaka 1820 ambayo njia zake zimechongwa kwa graniti yenyewe, si chuma. Mawe ya machimbo hayo yalikwenda kujenga Daraja la London lililofunguliwa 1831. Kisha Smallacombe Rocks, unashuka bonde la Becka Brook, unavuka kwenye daraja, unapanda Greator Rocks, unapita misingi ya nyumba za kijiji cha zama za kati kilichohamwa, na kufika Hound Tor. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 9. Shida ni usafiri: bila gari, Novemba, itabidi uangalie mabasi kwa makini sana. Kwa hilo Okehampton inashinda.

Ramani ni Ordnance Survey OL28, ya 1:25,000. Simu iwe ya akiba. Mtandao hupotea kabisa mabondeni, na baridi hula betri.

jiwe_jeusi:

Naongezea upande wa mawe, maana watu wengi huumia huko wakidhani hatari ni kinamasi.

Graniti ya Dartmoor ina umri wa takriban miaka milioni 280. Ilipoa chini kabisa ardhini, ndiyo maana chembe zake ni kubwa: kwatzi ya kijivu, ulanga mweusi unaometa, na feldspa nyeupe ambazo nyingine zina urefu wa kidole. Tazama karibu utaona hizo feldspa zimechomoza kidogo kwenye uso wa jiwe. Ndizo zinazokupa mshiko, na ndizo zinazochuna ngozi ya viganja. Vaa glavu nyembamba.

Jabali lina nyufa za aina mbili. Za wima zilianza jiwe lilipopoa na kusinyaa. Za ulalo, zinazofuata umbo la kilima, zilifunguka uzito wa miamba ya juu ulipoondoka. Ndiyo maana majabali yanaonekana yamepangana kama magunia ghalani. Pale nyufa za wima zilipokaribiana, jiwe lilioza likawa changarawe na kuondoka. Pale zilipokuwa mbali, likabaki. Ule uwazi mpana kati ya majabali mawili ya Haytor una sababu hiyohiyo. Kwa mpandaji maana yake ni hii: ngazi za ulalo zina ukingo wa mviringo, hazina pembe ya kushika. Kupanda ni rahisi, kushuka huoni pa kuweka mguu. Kabla hujapanda hatua ya tatu, geuka utazame utashukaje.

Graniti kavu inashika buti vizuri sana. Tatizo ni ule utando mweusi na wa kijani unaoota juu yake, hasa upande wa kaskazini. Ukilowa unateleza vibaya. Novemba chukulia kwamba kila jiwe limelowa.

Na yale mawe yaliyotapakaa chini ya kila jabali ni mabaki ya baridi kali ya zama za barafu: maji yaliingia nyufani, yakaganda, yakapasua. Yamefunikwa nyasi na kangaga, hivyo mashimo kati yake hayaonekani. Kifundo cha mguu huvunjikia hapo. Kutoka Black-a-Tor Copse kupanda, usikate katikati ya mawe ukidhani unafupisha. Zunguka pembeni kwenye nyasi hata kama inaongeza mita 200.

mguu_njiani:

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Maswali mawili: mvua ikinyesha usiku wa kuamkia, West Okement bado unapitika? Na kinamasi nakitambuaje kabla hakijanimeza?

Bi_Dira:

Kwa njia aliyokupa Kontua621 huvuki West Okement hata mara moja kwa miguu, unatembea ukingo mmoja tu. Hilo ndilo zuri lake. Cha kuvuka ni Red-a-ven Brook mwishoni, na barabara ya jeshi inakupitisha. Maji yakiwa yamepita juu ya kivuko kwa kasi, usishindane nayo. Rudi Yes Tor, ushuke magharibi kwa mgongo wa Longstone Hill hadi bwawani. Mgongo huo unauacha Red-a-ven upande wako wa kulia.

Mito ya huku hujaa haraka kwa sababu udongo mweusi wa juu huwa umeshiba maji tayari, na chini yake ni mwamba. Mvua haina pa kwenda. Ikikatika, mto hupungua haraka vilevile, kwa hiyo kusubiri kunalipa.

Ukilazimika kuvuka kijito popote: tafuta sehemu pana, maana penye upana maji ni mafupi, usivuke juu ya maporomoko, fungua mikanda ya begi kiunoni na kifuani, uso utazame maji yanakotoka, fimbo iwe mguu wa tatu. Maji ya kasi yakipita goti, rudi. Buti usivue, maana chini ni mawe ya mviringo yanayobana mguu, na mguu ukinaswa maji yanakulaza kifudifudi. Maji yana rangi ya chai kutokana na udongo ule, kwa hiyo chini huoni, unapapasa kwa fimbo.

Kuhusu kinamasi, kumezwa mzimamzima ni hadithi za watu. Kinachotokea ni kuzama hadi paja, kulowa na kupoa mwili. Soma rangi. Nyasi za kahawia zenye vishungi ni tabu lakini zinabeba. Mahali pa tambarare penye kijani kibichi kinachong'aa, hasa penye chemchemi na miinamo ya juu ya vijito, hapo ni utando juu ya maji. Ardhi hutikisika mguu ukigusa. Zunguka kwa upande wa juu. Manyoya meupe ya nyasi yakipepea yanaonyesha ardhi imelowa kwa kina, ingawa Novemba mengi yameshapukutika.

Kontua621:

Nakubali kosa la bendera, ilibidi iwe mstari wa kwanza.

Kuhusu ukungu, maana lazima utaupata: mgongo kati ya High Willhays na Yes Tor ni mpana na hauna kingo za kukuongoza. Piga dira kutoka jabali la kwanza, hesabu hatua. Kwenye njia nzuri mtu wa wastani hupiga hatua mbilimbili (unahesabu mguu mmoja tu kila ukigusa chini) 60 hadi 65 kwa mita 100. Kwenye vishungi hufika 75 na zaidi. Ukimaliza kilomita 1 hujaona Yes Tor, simama, usiendelee kwa matumaini. Na ukungu ukiwa umeshashuka hadi Black Tor, achana na vilele. Bonde peke yake linatosha kwa siku.

Mabuti ya mpira hapana, kwenye mawe yanateleza na kifundo hakina msaada. Buti za ngozi zenye shingo ndefu na gaita, vile vifuniko vya kuzuia matope juu ya buti. Soksi za akiba kwenye mfuko wa plastiki, koti na suruali ya mvua, taa ya kichwani hata ukipanga kurudi mapema.

jiwe_jeusi:

Mawili ya mwisho. Maji ya vijito usinywe hivihivi, kondoo na ng'ombe wanalisha hadi juu kabisa na wengine hufia humo. Chemsha au beba lita 1.5 kutoka mjini. Na kupe wapo hata Novemba siku za joto kidogo, hasa kwenye kangaga. Jikague nyuma ya magoti na kiunoni jioni, mtoe kwa kibanio kidogo ukimshika karibu kabisa na ngozi, usimpake mafuta wala kumchoma. Ukiona duara jekundu linapanuka wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umwambie ulikotembea.

mguu_njiani:

Nimeelewa. Na nikitaka kulala hemani mara nyingine, inaruhusiwa?

Bi_Dira:

Ndiyo, kwa wanaobeba hema mgongoni. Mahakama ya Juu ilithibitisha Mei 2025 kwamba haki ya burudani ya nje chini ya sheria ya mwaka 1985 inahusu pia kupiga kambi. Lakini si kila mahali: mamlaka ya hifadhi ya Dartmoor ina ramani yake ya maeneo yanayoruhusiwa, usizidishe usiku 2 sehemu moja, kaa mbali na barabara na mashamba yenye kuta, na moto wa kuni hauruhusiwi kabisa.

Kabla hujatoka Exeter, tuma neno register kwenda 999, namba ya dharura ya Uingereza, ufuate maelekezo, ili simu yako iweze kuomba msaada kwa ujumbe mahali ambapo sauti haipiti. Ukipiga, omba polisi kwanza, kisha waokoaji wa milimani, uwape gridi ya tarakimu sita.