Tupeane uzoefu: mlioishi Korea, China na Japani, mgahawani yaliwakuta yapi?

Wakuu salaam. Niko mwaka wa pili hapa Daegu, Korea Kusini, nasoma. Kitu ambacho hakuna aliyenidokeza kabla sijapanda ndege ni kwamba huku kuna migahawa ukienda peke yako hulishwi. Wiki ya kwanza nimepita nikakuta watu wanachoma nyama mezani kwao, harufu hadi barabarani, nikazama ndani na elfu ishirini yangu ya won. Mama mwenye mgahawa akaninyooshea kidole kimoja, yaani uko mmoja? Nikaitikia kwa kichwa, akapishanisha mikono kifuani, hakuna. Nikajisemea ni hii rangi tu, nikarudi hosteli nimenuna. Jamaa wa chumba cha pili akanicheka sana, kumbe nyama za kuchoma wanaagizisha kuanzia sahani mbili, hata Mkorea mwenyewe akienda mmoja anarudishwa. Siku hizi naenda mmoja naagiza mbili nakula zote.

Halafu vile visahani vya kimchi (kabichi yao ya kuchachusha yenye pilipili) na mbogamboga vinavyotangulia havilipiwi na vikiisha unaongezewa bure. Mimi mara ya kwanza vililetwa saba sikugusa hata kimoja, nikawa navipigia hesabu tu. Leteni zenu.

Mdau wa Guangzhou:
Mkuu umenikumbusha mbali, nilikuwa nakwenda kufunga mzigo. Ukiwa pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika hukohuko Guangzhou, hulali njaa, misosi ya Kiafrika ipo, ya Waarabu ipo. Kazi ni ukitoka hapo. Mimi Muislamu, nikakariri "bu yao zhurou", sitaki nguruwe, dada akaitikia vizuri kabisa akaniletea maharage mabichi ya kukaanga, juu yamenyunyiziwa nyama ya kusaga. Ya nguruwe! Namwonyesha anashangaa, maana kwake ile sio nyama, ni kiungo kama kitunguu tu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa tambi za Lanzhou, zile za migahawa ya Waislamu wa China, unamkuta kijana anavuta donge la unga kwa mikono, anakunja, anavuta tena mpaka nyuzi, unamwagiwa supu ya ng'ombe ya moto. Mnaokwenda sasa msitegemee kibao cha Kiarabu, sehemu nyingi wameviondoa, shikeni hizi herufi mbili 清真, wenyewe wanatamka qingzhen, ndiyo halali.

Mdau mwingine, China hiyohiyo:
Na menyu mbona hamsemi? Nimekaa nusu saa nasubiri mhudumu, kumbe unaskani kwa simu kile kimraba cha QR mezani unaagiza na kulipa kwa WeChat, app yao ya kuchati na kulipia. Sina WeChat. Nikanywa maji yao ya moto nikaondoka.

Mdau wa Osaka:
Nyie afadhali. Mimi nimekutana na mashine mlangoni, unatumbukiza hela unabonyeza kitufe inatoka tiketi, vitufe kibao na vyote Kijapani tupu, nyuma yangu foleni ya watu wa ofisini kimya kabisa hakuna hata anayekohoa. Nikabonyeza cha bei ndogo. Nikampa mpishi tiketi, akaiangalia, akaniangalia, akaiangalia tena. Nilikuwa nimenunua yai. Lile la kuongezea kwenye tambi, moja.

Mwanzisha uzi:
Hahaha mkuu, ukalila?

Mdau wa Osaka:
Mzee wa watu alitoka jikoni na aproni yake akanirudisha kwenye mashine, akanibonyezea tambi. Yai nikaliweka juu.